Mjadala: Kola ya umeme ya mbwa ipigwe marufuku, au ibaki kwa wakufunzi wenye leseni?

Mleta Mada

Wakuu, naleta hoja inayogawa watu kila mbwa mkorofi anapotajwa. Kola ya umeme ni mkanda wa shingoni wenye kisanduku cha betri na vijino viwili vya chuma vinavyogusa ngozi. Mwenye mbwa anashika rimoti. Akibonyeza, umeme unapita kwenye ngozi kutoka kijino kimoja hadi kingine. Nyingine hazina rimoti kabisa. Zinajiwasha mbwa akibweka, au akikaribia waya uliofukiwa kuzunguka uwanja.

Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010. Kwingine bado watu wanavutana. Mimi naelemea upande wa leseni: mtu wa kawaida asiiguse, ila mkufunzi aliyepimwa aruhusiwe, hasa kwa mbwa wanaofukuza mifugo. Mbwa wa namna hiyo mwisho wake ni risasi au mnyororo wa maisha. Anayepinga aseme atafanya nini badala yake, hatua kwa hatua.

Kamba Ndefu

Mimi nasema marufuku, na sababu yangu ya kwanza ni muda. Mbwa anaunganisha maumivu na kile alichokuwa anakitazama au kukisikia wakati huohuo, ndani ya sekunde moja hivi. Chukua mbwa anayembwekea mtoto aliyepanda baiskeli. Unabonyeza. Wewe unafikiri umeadhibu kubweka, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto. Rudia mara nne tano, na mbwa aliyekuwa na wasiwasi kidogo sasa ana uhakika kwamba watoto wa baiskeli huleta maumivu.

Sababu ya pili ni onyo. Kabla ya kuuma, mbwa hupita ngazi: anageuza kichwa pembeni, analamba pua, anapiga mwayo bila usingizi, anakaza mwili, ananguruma, anaonyesha meno, anang'ata hewani. Ukiadhibu kunguruma, ataacha kunguruma na hofu itabaki palepale. Siku nyingine anaruka ngazi tatu na kumshika mtu mkono, kisha watu wanasema ameuma bila sababu.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya watu 140 waliopeleka mbwa kliniki kwa matatizo ya tabia. Miongoni mwa waliojaribu kumpiga mbwa kofi au teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kumlaza chali kwa nguvu, asilimia 31. Kumkazia macho tu, asilimia 30.

Malisho

Ndugu Kamba Ndefu, takwimu hizo zinahusu makofi na mateke, na ni za mbwa ambao tayari walikuwa na shida. Hata hivyo nakuunga mkono kwa jambo moja bila kusita: mbwa mwenye hofu au anayeuma watu asivalishwe kola ya umeme hata siku moja. Mkufunzi anayefanya hivyo anatengeneza hatari.

Kufukuza mifugo ni jambo lingine. Mbwa anayemfukuza kondoo haogopi wala hana hasira. Anafurahia, na kukimbiza kwenyewe ndiyo zawadi yake. Kitonge cha nyama mfukoni mwako hakishindani na hilo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichapisha jaribio la mbwa 19 waliokuwa wakifukuza chambo kinachokwenda kasi. Waliofundishwa kwa kola waliacha ndani ya vipindi vichache. Waliofundishwa kwa chakula hawakuacha katika muda uleule. Sifichi kwamba baadhi ya mbwa wa kola walilia walipopigwa na umeme.

Anayeitumia vizuri hafanyi kama wengi wanavyodhani. Mbwa anaizoea kola ikiwa imezimwa kwa wiki moja au mbili, ili asijue kwamba kola ndiyo yenye maumivu. Vijino vinachaguliwa kwa urefu wa manyoya, na mkanda unabana kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake; ukilegea, umeme unagusa na kuacha, na mbwa haelewi kinachomjia. Kiwango kinatafutwa kuanzia chini kabisa hadi pale anapotikisa sikio. Kola inasogezwa shingoni kila saa moja au mbili, na haikai siku nzima, kwa sababu vijino vikikandamiza sehemu moja kwa muda mrefu ngozi inakufa na kuwa kidonda. Makosa makubwa ni mawili: kiwango kikishapatikana, kuendelea kupandisha polepole, mbwa akazoea na ukajikuta umefika juu kabisa, au kuanza juu, mbwa akapata hofu na kukimbia moja kwa moja asirudi.

Mlinzi wa Lango

Tatizo mnalizungusha. Mbwa ni mnyama wa kundi, lazima ajue nani ni kiongozi. Akijua hilo, kola wala nyama havihitajiki.

Kamba Ndefu

Mkuu, nadharia hiyo ilitokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu. Rudolph Schenkel ndiye aliyewaandika mwaka 1947. David Mech, aliyewafuatilia porini kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza ni wazazi, hawakupigania cheo. Tuiache hapo, maana mbwa anayevuta kamba anataka kufika mbele tu.

Narudi kwa Malisho. Jaribio la Arizona lilipima vipindi vichache, na njia ya chakula haijawahi kudai kumaliza kazi kwa siku hizo. Liweke kando ya lile la Chuo Kikuu cha Lincoln la mwaka 2020: mbwa 63 wasiorudi wakiitwa, makundi matatu ya 21. Kundi la kola lilifundishwa na wakufunzi walioteuliwa na watengenezaji wa kola. Kola haikuonyesha faida yoyote, na mbwa waliofundishwa kwa zawadi waliitikia amri haraka zaidi.

Sasa Mleta Mada ametaka hatua. Hizi hapa kwa mbwa anayefukuza mifugo.

Tafuta mkanda wa kifua wenye pete mgongoni, na kamba ya mita 10. Usiifunge kwenye mkanda wa shingo: mbwa akifika mwisho wa kamba kwa kasi, shingo ndiyo inayopokea mshtuko. Vaa glavu, usiizungushe mkononi, na kata kile kitanzi cha mwisho kisije kikanasa kwenye kisiki.

Chagua neno jipya la kumwita. Lile la zamani ameshajifunza kulipuuza. Ndani ya nyumba, mbwa akiwa hafanyi lolote, litamke mara moja tu, kisha mpe vipande vitano vya nyama, kimoja kimoja, kila kimoja ukubwa wa punje ya maharage. Mara 10 hadi 15 kwa siku, ukigawa katika vikao vitatu vifupi. Baada ya wiki moja, neno likitoka anapaswa kugeuka kabla hajafikiri. Hamia uwanjani, halafu mahali pa wazi pasipo na mnyama mwingine. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaruka kutoka sebuleni hadi zizini.

Unapofika kwenye mifugo, anza mbali, hata mita 150. Kipimo chako ni mdomo wake. Akila kwa utulivu, umbali unafaa. Akinyakua kwa meno makali, anakaribia kushindwa. Akikataa nyama kabisa, uko karibu mno. Rudi nyuma bila kumkemea. Akimwona kondoo, mwite katika nusu sekunde ile ya kutazama, kabla mwili haujainama kujiandaa. Kisha geuka ukimbie upande wa pili na umtupie mpira wenye kamba aufukuze na kuuvuta. Malisho ana haki kwamba kitonge hakishindani na kukimbiza. Ndiyo maana zawadi ya hapa inakuwa kukimbiza, ila kitu kingine. Akifaulu mara 8 kati ya 10, sogea mita tano. Akikosea mara mbili mfululizo, rudi mita kumi.

Yanayovunja kazi hii nimeyataja kwa sababu ndiyo yanayosababisha watu waseme nyama haifanyi kazi. Kumwita wakati huna njia ya kumzuia, akajifunza kwamba neno lina hiari. Kumwita pale tu mchezo unapoisha, badala ya kumwita, kumpa zawadi na kumwachia tena mara tisa kati ya kumi. Na baya kuliko yote, kumwacha afukuze "mara moja tu" katikati ya mafunzo. Ushindi mmoja kama huo unakurudisha nyuma wiki kadhaa. Mbwa aliyekwisha kuua mfugo anabaki na kamba au uzio siku zote, awe amefundishwa kwa nyama au kwa umeme.

Daktari wa Wanyama

Wote wawili mmeruka hatua ya kwanza. Timu ya Daniel Mills wa Lincoln ilikadiria mwaka 2020, kwa tahadhari, kwamba karibu theluthi moja ya mbwa wanaoletwa kwa matatizo ya tabia wana maumivu ya aina fulani. Mbwa mtulivu aliyebadilika ndani ya wiki chache, anayenguruma akiguswa kiuno au akiombwa ashuke kwenye kiti, akaguliwe masikio, meno, nyonga na magoti kabla ya mafunzo yoyote. Ukimwongezea maumivu mbwa mwenye maumivu, unajua jibu lake.

Ninachotaka kukikazia ni kola inayojiwasha kwa kubweka. Hiyo naipinga kabisa, na sioni leseni gani ingeisahihisha, kwa kuwa haishikwi na mtu. Haijui kama mbwa anabweka kwa mgeni mlangoni, kwa uchovu wa kukaa bure, au kwa hofu ya kuachwa peke yake. Zile zinazotegemea sauti zinaweza kuwashwa na mbwa wa jirani, na mbwa wako akaadhibiwa akiwa amelala.

Hofu ya kuachwa inatambulika: kelele huanza mapema baada ya mtu kuondoka, mara nyingi ndani ya nusu saa, kuna mikwaruzo mlangoni na dirishani, mate mengi sakafuni, pengine mkojo kwa mbwa ambaye huwa hachafui ndani. Weka simu irekodi. Kama anaanza kuhangaika sekunde ya 40, mazoezi yako ni kutoka kwa sekunde 20 na kurudi bila shamrashamra, mara tano au sita, kisha 25, kisha 15, kisha 30. Usipande kila mara, changanya. Katika kipindi hicho asiachwe peke yake zaidi ya muda anaoumudu, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo panga mapema nani atakaa naye.

Mbwa asiyeweza hata sekunde tano anaweza kuhitaji dawa pamoja na mazoezi. Fluoxetine hutolewa miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, na hupewa wiki nne hadi sita kabla ya kuamua kama imesaidia. Haikatizwi ghafla. Iandikwe na daktari aliyemwona mbwa, maana haichanganywi na baadhi ya dawa nyingine, na mbwa mwenye kifafa haimfai.

Sheria Kwanza

Naongeza upande wa utekelezaji. Kumkamata mtu akibonyeza rimoti nyumbani kwake ni kazi ngumu. Kuzuia kuuza na kuingiza bidhaa ni rahisi zaidi, ingawa intaneti inapitisha mengi. Leseni nayo ina swali: nani atampima mkufunzi, na kwa kipimo gani? Masharti aliyoyaeleza Malisho ni mazuri, lakini kola inauzwa ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelekezo, na mnunuzi wa kawaida anaanza kubonyeza siku hiyohiyo.

Mleta Mada

Daktari amenibadilisha kuhusu kola za kubweka. Hizo zizuiwe kuuzwa, tena sasa. Kwa rimoti bado sijashawishika kikamilifu. Ndugu Malisho, ungekubali masharti gani?

Malisho

Nakubali ya kubweka ziondoke. Kwa rimoti, ningekubali hivi: cheti cha daktari kwamba mbwa hana maumivu, hajawahi kuuma mtu, amefanyishwa kazi ya kamba ndefu kwa wiki nane zisizopungua, tatizo liwe kufukuza mifugo na si jingine, na mkufunzi awepo kila inapowashwa. Mwenye mbwa haendi nayo nyumbani.

Kamba Ndefu

Bado nasimama kwenye marufuku, lakini hayo ni masharti ya mtu anayejali mbwa, na nayaheshimu. Kama sheria itapita hivyo, basi wiki nane zithibitishwe kwa daftari: tarehe, umbali kutoka kwa mifugo, mara alizoitwa, mara alizorudi, na kila siku aliyovunja kamba akafukuza. Daftari likionyesha umbali unapungua wiki hadi wiki, kibali kisitolewe, kazi iendelee. Likionyesha kwamba umbali haupungui, mkufunzi wa pili alisome kabla ya yeyote kugusa rimoti, aanze na ukurasa wa siku mbwa alizofanikiwa kufukuza.