Waini nyeupe ya shamba la nyumbani imegeuka rangi, tunakosea wapi? (Chenin Blanc, Dodoma)

BintiHombolo:
Wakuu habarini. Kwetu Hombolo, familia tuna ekari mbili za zabibu nyeupe, Chenin Blanc, alipanda baba, sasa tunalima mimi na kaka zangu wawili. Miaka yote tunauza zabibu au mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, na bei anapanga mnunuzi, ukikataa zinakuozea. Mwaka jana tukasema tutengeneze waini yetu wenyewe, siyo ile tamu, tunataka nyepesi isiyo na sukari, yenye kaukali ka ndimu, unakunywa na samaki mdomo unaamka. Tukakamua kwenye pipa la plastiki la lita 100, juisi ikafika nusu, tukafunika kitambaa. Baada ya wiki tatu rangi ni chai ya rangi kabisa, harufu kama tofaa lililokatwa likaachwa mezani, na ule ukali haupo. Baba alionja akaweka glasi chini kimya, iliniuma sana. Mavuno ya Agosti yanakaribia. Tunakosea wapi? Na hii ninayoisikia ya kuchanganya zabibu za aina tofauti kwenye waini moja, sisi wenye aina moja tunaiweza?

KijanaWaPaarl:
Pole sana dada. Nipo Afrika Kusini, nimefanya misimu sita kwenye shamba la familia huku Paarl. Chenin huku wanaiita Steen na hakuna nchi yenye nyingi kama hii, kwa hiyo mna zabibu nzuri, msiing'oe. Kilichowaua ni hewa. Pipa nusu tupu na kitambaa juu, hewa inaingia inakula rangi na harufu. Tumieni vyombo vidogo vijae hadi shingoni, mfuniko ukaze, mpira mwembamba utoke kwenye mfuniko uingie kwenye chupa ya maji, gesi itoke hewa isirudi. Mkishakamua, msiache juisi ilale na maganda. Weka potasiamu metabisulfaiti, ule unga wa kulinda juisi isiharibike, gramu 10 kwa lita 100, pima kwa mizani siyo kijiko, na mwenye pumu asikae karibu na ule unga. Acha itulie usiku kucha penye baridi, asubuhi vuta juisi safi ya juu, tope libaki, ndo uweke hamira ya waini, siyo ya mikate. Joto likizidi nyuzi 18 harufu inaondoka, so zungushia magunia mabichi, weka chombo kwenye beseni la maji ya barafu.

Kuchanganya mnaweza hata kwa aina moja. Chuma sehemu mapema, sukari ikiwa 19 kwenye kile kipimo cha briksi, nyingine iache ifike 22. Ya kwanza inabeba ukali, ya pili inabeba mwili, yaani ule uzito mdomoni, na harufu. Zichachushe mbali mbali, zikishatulia chukua glasi na kipimo cha mililita, jaribu 30 kwa 70, 40 kwa 60, nusu kwa nusu, mwite na mzee aonje, halafu ndo uchanganye pipa zima.

MzeeWaMizabibu:
Binti yangu, kijana kasema vizuri, mimi naongeza ya shambani. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka na watu wanazichukulia sawa, si sawa. Ya Machi inakutana na mvua, magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yanakushambulia, zabibu inajaa maji. Hiyo uzeni. Ya Agosti na Septemba ni kavu, usiku baridi, waini fanyeni hapo. Tena msichume saa nne jua limeshapanda! Sisi tunaingia shambani na tochi, ikifika saa moja asubuhi kreti zipo kivulini. Ukibonyeza tunda likiwa la moto ujue umechelewa. Pia pelekeni sampuli TARI Makutupora, ndo kituo cha utafiti wa zabibu, na msiuze hata chupa moja kabla ya TBS, shirika la viwango, kuipitisha.

BintiHombolo:
Shikamoo mzee, na asante sana kaka. Jana nimeazima kipimo nikapita mstari kwa mstari, mistari ya juu kwenye changarawe imefika 17, ya chini karibu na korongo 15, shamba moja! Baba akasema hiyo ya chini huwa inachelewa tangu alipoipanda, sema hakuna aliyewahi kumuuliza. Basi ya juu tunaipima kila siku mbili, ikigonga 19 tunaingia na tochi.