Watengenezaji wa diski za nje, andikeni ukweli kwenye boksi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Juzi fundi amenirudishia diski yangu ya nje na kuniambia kilichomo hakitoki. Picha za wanangu za miaka 6, tangu yule mdogo hajaota meno.

Boksi lake lilijaa maneno. Terabaiti 2, maandishi makubwa. Ukichomeka, kompyuta inaonyesha 1.81. Hilo nalielewa, wao wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Halafu USB 3.2 Gen 1, ambayo ni ile ile USB 3.0 ya zamani iliyopewa jina jipya, gigabiti 5 kwa sekunde, wakati sahani inayozunguka mle ndani haifikishi hata nusu ya kasi hiyo. Nayo nimeiacha ipite.

Ninachowadai ni yale ambayo hawakuyaandika.

Siku ya kwanza nilianza kunakili gigabaiti 700 hivi. Ilianza kwa megabaiti 110 kwa sekunde, nikafurahi. Baada ya muda ikashuka hadi 8, ikawa inasimama, inaendelea, inasimama. Nikabadili waya, nikabadili tundu, nikatafuta virusi kwenye kompyuta. Kumbe diski ni ya SMR. Kwa asiyejua: mistari ya data inalaliana kama vigae vya paa ili zienee data nyingi. Ukitaka kuandika upya mstari mmoja, lazima uandike upya na ile inayolaliana nao. Kuna sehemu ndogo ya kupokelea data haraka, ikijaa tu diski inaanza kutambaa. Sasa bekapu ya kwanza ya kompyuta nzima si ndiyo kazi ya kuijaza sehemu hiyo? Kwa nini boksi lisiseme SMR au CMR (ile ambayo mistari yake hailaliani)? Herufi 3 tu!

Na si siri mpya. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski zao za Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS (hifadhi ya data inayounganishwa kwenye mtandao wa nyumbani au ofisini), zilikuwa SMR na wanunuzi hawakuambiwa. Baada ya makelele wakatoa orodha. (Yangu si Red, na kampuni iliyoitengeneza siitaji hapa.) Kwa hiyo kuandika inawezekana, wanasubiri tupige kelele.

Lililonimaliza ni tundu la USB la diski yenyewe. Lilianza kulegea taratibu, mpaka siku moja likapiga shoti. Nikamwambia fundi, si uitoe diski kwenye kasha uichomeke kwa SATA, kiunganishi cha kawaida cha diski za ndani ya kompyuta? Akaifungua mbele yangu. Hakuna SATA! Tundu la USB limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. Na chipu iliyoungua ndiyo iliyokuwa inasimba data, yaani inaigeuza kuwa fumbo ambalo bila chipu hiyo halisomeki, ingawa mimi sijawahi kuweka nywila hata siku moja. Fundi aliniangalia tu, akaniambia, "Pole sana ndugu yangu."

Waranti bado ipo. Nimewaandikia, wamejibu kwamba watanipa diski nyingine ya aina ile ile, na kwamba data haihusiki. Yaani kitu kinauzwa kwa jina la kuhifadhi, kikiharibika wanarudisha chuma.

Najua wengine mtaniambia diski moja si bekapu. Ni kweli. Kompyuta ilijaa, nikafuta picha za kwenye kompyuta nikabaki na nakala ile moja, na kosa hilo ni langu. Lakini mtu akinunua kitu kilichoandikwa "bekapu" ubavuni, anastahili kuambiwa kwamba tundu likifa, na data imekufa.

Sasa nataka kuachana kabisa na hizi ndogo za mfukoni. Nimepanga kununua diski 2 za inchi 3.5, za CMR, namba ya modeli nikiikagua kwenye karatasi ya vipimo ya mtengenezaji kabla sijalipa, na kasha la SATA pembeni, lisilosimba chochote, ili kasha likifa nihamishe diski. Moja itakaa nyumbani, nyingine kwa dada yangu.

Wenye uzoefu na makasha ya aina hiyo, yapi hayakatiki katikati ya kunakili mafaili makubwa? Na kuna yeyote aliyewahi kuokoa data kwenye diski yenye USB ya kuchomelewa baada ya chipu kuungua? Bado sijaitupa.