Tuko Moshi siku nne na mama mkwe, anataka kuona barafu tu. Tumpeleke wapi?

Bint_Kirumba

Wakuu habari za humu. Mwishoni mwa Januari tuna harusi ya shemeji yangu hapo Moshi, Pasua. Harusi ni Jumamosi, ila sisi tunaingia Jumatatu usiku kwa basi kutoka Mwanza, kwa hiyo Jumanne mpaka Ijumaa tuna nafasi. Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 8 na 12) na mama mkwe.

Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na hajawahi kuvuka Singida. Kakulia Bunda pembeni ya hifadhi, kwa hiyo ukimtajia mbuga anakasirika, anasema tembo wamekula mahindi ya baba yake vya kutosha, hawezi kuwalipia kiingilio. Kitu kimoja tu anataka: kuiona barafu ya Kilimanjaro kwa macho yake kabla hajafa (maneno yake hayo).

Mume wangu anataka tuchange twende Ngorongoro. Mimi naangalia mfuko. Wenyeji, ninyi wenyewe mkipata mgeni wa hivi mnampeleka wapi? Naomba kuwasilisha.

Kijana_wa_Sakina

Ngorongoro dada, msikilize shemeji. Ukifika ukingoni ukaangalia chini, kreta yote ile mita kama 600 kwenda chini, utasahau hata harusi. Mama atasamehe tembo.

Mgumu_wa_Uru

Dada karibu sana kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Uru. Nimebeba mizigo mlimani miaka tisa, huku wapagazi tunaitwa wagumu, mpaka goti likagoma. Sasa naendesha Noah. Kwa hiyo mimi na mama mkwe wako tutaelewana.

Kreta ni nzuri, simpingi kijana wa Sakina. Lakini kutoka Moshi mpaka kule na kurudi ni siku nzima ya kukaa kwenye gari, na mama kashasema hataki wanyama. Kwa nini umlazimishe? Kaomba barafu, mpeni barafu.

Watu wengi wanakaa Moshi siku tatu, wanaondoka wakilalamika hawakuuona mlima. Ulikuwepo. Wanakosea mambo mawili. La kwanza ni saa. Kibo, kile kilele chenye barafu, hutoka alfajiri, tuseme saa 12 mpaka saa 2 asubuhi, halafu mawingu yanapanda kutoka msituni na kuufunika. Jioni kuanzia saa 11 na nusu unaweza kuchungulia tena. Sasa mgeni anaamka saa 3, anakunywa supu, anatoka nje saa 4 na kamera. Atapiga picha ya nini?

La pili ni shingo. Mgeni anautafuta mlima usawa wa miti. Anaona mgongo wa bluu pale, anasema ndio huo, mbona mdogo? Huo ni msitu wa chini. Nyanyua shingo, pita mawingu, tafuta pale ambapo akili yako inakwambia hapa ni angani tu. Hapo ndipo ilipo barafu.

Tena msidanganywe kwamba ili uuone lazima uusogelee. Nimelala kambi ya Barafu, ndiyo jina lake, mara zisizo na hesabu, na nakwambia kule huoni mlima. Unaona mawe, visigino vya mwenzako na kilo 20 za mteja shingoni. Mlima unaonekana ukiwa mbali. Mimi wageni wangu nawapeleka upande wa pili kabisa, kusini, barabara ya kwenda TPC kwenye mashamba ya miwa. Toka mjini saa 11 na nusu alfajiri, kama nusu saa hivi mko kwenye tambarare. Simamisha gari pembeni, geuka nyuma. Hakuna jengo, hakuna kilima, ni miwa halafu Kilimanjaro wote, Kibo kushoto na kilele kingine, Mawenzi, kulia. Mama hana haja hata ya kushuka kwenye gari, ingawa atashuka.

Januari ni mwezi mzuri kwa hilo, mvua za vuli zimeisha. Ungekuja Aprili ningekwambia bakini Mwanza mle sato.

Barafu yenyewe imepungua, nisikufiche. Baba yangu huwa ananyoosha kidole kuonyesha ilipokuwa inaishia zamani, mimi nikifuata kidole chake naona mwamba tu. Mwaka 1848 yule mmisionari Rebmann alipoandika kwamba kaona theluji karibu na ikweta, wasomi wa Ulaya walimbishia miaka na miaka. Sijui wajukuu zetu tutawasimuliaje sisi. Mama kafanya vizuri kuja sasa.

Siku zinazobaki, chukua hivi.

Chemka. Mnakwenda mpaka Boma Ng'ombe, halafu mnakata kusini kwenye vumbi. Vumbi kweli, fungeni vioo, nguo nyeupe acheni kwa shemeji. Njiani utasema huyu Mgumu katutapeli, maana ni nchi kavu ya michongoma na mbuzi. Halafu ghafla miti mikubwa, na katikati yake maji ya bluu unayaona mpaka mchanga wa chini. Wanaita maji moto lakini si ya moto, ni vuguvugu tu. Mama akae kwenye mzizi wa mkuyu atumbukize miguu. Watakuja samaki wadogo kumdonoa nyayo, mara ya kwanza atapiga kelele, mara ya pili hatataka kutoa mguu. Nendeni katikati ya wiki, asubuhi. Jumapili ni spika na chupa. Niliwahi kupeleka watu Sikukuu ya Pasaka, barabara tope, magari yamepangana mpaka nje, tukageuza bila kulowesha hata kidole, na pesa ya mafuta nikawarudishia nusu kwa aibu.

Siku nyingine pandeni kwetu, Materuni. Wewe, mume na watoto mtatembea kwenye maporomoko, si chini ya dakika 45 kwenda, njia nyembamba na mteremko upande mmoja, vaeni raba zenye meno. Mama mwacheni kijijini kwenye kahawa. Watamtwangia, watamkaangia mbele yake, na wataimba. Huo wimbo wa kutwanga ni wa wageni, usiwaambie nimesema. Bibi yangu akitwanga alikuwa hatuimbii, alikuwa anatugombeza. Na kahawa yenyewe hatukuinywa, ilikuwa inakwenda KNCU, chama cha ushirika, kuleta ada, nyumbani tulikunywa chai. Lakini harufu yake ikiwa jikoni, hiyo ni ya kweli.

Jambo la mwisho, kwenye basi kaeni upande wa kushoto. Mkishatoka Singida mtapita Katesh, Mlima Hanang unakuja dirishani kabisa, mita 3,400 na ushee, umesimama peke yake. Watu wanaupita wamelala.

Mrombo_Og

Mgumu unajua kupendelea kwenu! Ziwa Chala umeliacha wapi? Dada, pita Himo, njoo Rombo. Ni ziwa la kreta, nusu yetu nusu ya Kenya, halina mto unaoingia unaouona, maji yanakuja chini kwa chini kutoka mlimani. Asubuhi ni kijani, mchana bluu iliyokoza. Na kwa kuwa unatoka kwenye samaki: mle kuna aina ya perege asiyepatikana ziwa lingine lolote duniani.

Mgumu_wa_Uru

Sijaliacha mkuu, nimeogopa ule mteremko wa kushuka kwenye maji. Goti la miaka 71 litashuka, kupanda je? Utambeba wewe?

Mrombo_Og

Akae juu ukingoni na kiti. Juu ndiko kuzuri zaidi.

Mgumu_wa_Uru

Hapo sawa, nakubali.

Mama_Tengeru

Mwanangu, kama mtapitia Arusha hata siku moja, msihangaike kwenda mbali. Shukeni Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, mnunue ndizi na parachichi, halafu mwende Ziwa Duluti, ni hapo hapo. Kuna njia ya kulizunguka chini ya miti, mama atembee kidogo tu pale mwanzo ambapo ni tambarare, akae kwenye kivuli. Wakimkuta kenge amelala njiani asishtuke, atakimbia mwenyewe. Jirani kuna makaburi ya Wapolandi waliokuwa wakimbizi hapa Tengeru wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu waliishi hapa. Wazee kama mimi tunapenda kusoma majina kwenye makaburi, labda na yeye. Na mchukulieni sweta, asubuhi za huku si za Mwanza.

Bint_Kirumba

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Mama Tengeru shikamoo. Mume wangu kasoma yote kanyamaza, nadhani Ngorongoro imekufa. Mgumu nimekutumia ujumbe kuhusu Noah.

Bint_Kirumba

MREJESHO, kama nilivyoahidi.

Hanang tumeiona, upande wa kushoto, asante. Jumanne Moshi wingu tupu, kutwa. Jumatano Mgumu akatufuata saa 11 alfajiri mpaka kwenye miwa, tukasimama pembeni mpaka saa 2, wingu. Alijisikia vibaya kuliko sisi, akatupitisha mahali tukanywa mtori na nusu ya pesa yake akakataa. Mama akawa anasema hakuna mlima hapa, mmenidanganya kama watoto.

Alhamisi Chemka. Samaki walimdonoa kweli, na kweli hakutaka kutoka. Watoto walimtoa kwa ahadi ya soda.

Ijumaa tukaacha kutafuta. Pale nyumbani Pasua wamama wa shughuli walianza kumenya ndizi saa 12 asubuhi nyuma ya nyumba, na mama kwa kuwa hawezi kukaa bure akavuta kigoda akaungana nao. Mimi nilikuwa naosha masufuria. Akainuka kumwaga maganda, nikamsikia anasema, "Hilo wingu mbona halisogei?"

Mama mmoja kamjibu bila hata kuacha kisu: "Ndio mlima huo, mama."

Alisimama na beseni la maganda mkononi sijui muda gani. Kilele kilikuwa juu zaidi ya nilipokuwa nimeangalia siku zote tatu, juu ya tangi la maji, juu ya paa la jirani, cheupe na pembeni kina rangi ya waridi kidogo. Akaanza kuita majina ya wanawe wote, mpaka wale walioko Mwanza. Mume wangu katoka mbio na simu, akarudi ndani kwa kuwa chaji imeisha, akatoka na ya mtoto, na wakati huo mawingu yameshafika kiunoni. Picha tuliyonayo ni ya mama, beseni kwapani, ananyoosha mkono kuelekea kwenye weupe mtupu.