MREJESHO: Zawadi ya mwalimu kwa bajeti ya elfu kumi

Wakuu, niliomba ushauri nimpe nini mwalimu wa mwanangu wa darasa la pili kufunga mwaka, bajeti isizidi elfu kumi. Mliosema mchele wa Kyela, mlipatia kabisa.

Nilizama soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mama muuzaji akanimwagia punje kiganjani ninuse kwanza ndipo apime. Nikabeba kilo mbili, nikaongeza pakiti ya majani ya chai ya Rungwe, vyote ndani ya kikapu kidogo cha milulu (majani ya kusukia) kutoka Iringa. Kikapu kilikuwepo nyumbani, hapo niliokoa hela.

Kikombe niliacha, walimu wanavyo mpaka vya kugawa. Kitenge kizuri kilipita bajeti.

Kadi aliandika mtoto mwenyewe kwa penseli, "Asante kwa kunifundisha kusoma", herufi "s" moja imegeukia ukutani. Mwalimu aliisoma kabla hata ya kufungua kikapu, akamwita mwalimu jirani yake wa darasa la tatu aione.

Mliopendekeza bahasha ya fedha, samahani, mimi naona inaleta maneno. Hata kikapu nilikipeleka ripoti za mtoto zikiwa zimeshatoka, isije ikaonekana namtafutia alama.