Tasnifu ya uzamili ya benki na fedha: mikopo na korosho Mtwara, data ipi?

Masasi Mjini

Wakuu, habari za mchana. Nasoma shahada ya uzamili ya benki na fedha kwa masafa. Masomo yamebaki mawili, na pendekezo la utafiti linatakiwa mwisho wa mwezi ujao. Mada niliyowasilisha ni "Athari za mikopo ya stakabadhi ghalani kwa ufanisi wa benki za biashara mkoani Mtwara". Stakabadhi ghalani ni ule mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa hati ya kuyathibitisha. Msimamizi kairudisha, pembeni kaandika maneno mawili tu: "data ipi?"

Nilipanga kuchukua faida, amana na mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) kutoka taarifa za robo mwaka ambazo benki hutangaza, kisha nigawe dodoso kwa viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) na wakulima. Ninapokwama:

1. Hivi viwili vinaungana vipi kwenye regresheni moja (hesabu ya kupima kigezo kimoja kinavyobadilika na vingine)?
2. Orodha yangu ina AMCOS 60. Fomula ya Yamane, ile ya kupata ukubwa wa sampuli, inanipa 52. Ni sawa?
3. Niko idara ya mikopo. Oktoba hadi Desemba hakuna kupumua. Kijijini niende lini?

Excel naiweza, Stata (programu ya takwimu) kidogo. Naomba hatua na hesabu kabisa.

Robo ya Nne

Mkuu, haviungani, na nadhani ndicho msimamizi alichokiona. Taarifa zile ni za benki nzima, kuanzia Kagera hadi Mtwara. Hazina mstari wa tawi la Masasi wala mstari wa stakabadhi ghalani. Ukiandika "mkoani Mtwara" halafu ukaleta faida ya benki nzima, mtahini atauliza korosho imeingiaje kwenye faida iliyotokana na mikopo ya watumishi wa Dodoma. Amua kwanza unampima nani: benki, AMCOS, au kaya ya mkulima. Sampuli na fomula vinafuata hapo.

Ukibaki na benki, ondoa Mtwara kwenye kichwa cha mada. Benki 10 kwa robo 20 ni mistari 200, kwa uzamili inatosha. Ila taarifa zile zina mtego. Jedwali la mapato lina safu ya robo husika na safu ya jumla tangu Januari. Chukua mfano wa benki ambayo robo ya tatu peke yake imepata faida ya bilioni 3, jumla ya miezi 9 ni bilioni 9, na wastani wa mali zake ni bilioni 800. Faida kwa mali, ikihesabiwa kwa mwaka, ni 3 × 4 ÷ 800, yaani asilimia 1.5. Ukinakili ile 9 ukaizidisha kwa 4 unapata asilimia 4.5. Stata haitakushtua kwa kosa hilo, itakupa majibu na nyota zake za umuhimu wa kitakwimu. Kwa hiyo kabla ya kukimbiza chochote chora grafu ya faida ya kila benki. Kama benki zote zinapanda ngazi Machi, Juni, Septemba, Desemba halafu zinaporomoka pamoja Machi, umenakili safu isiyo yake.

Anza mwaka 2018 au baadaye. Tarehe 1 Januari 2018 IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, kilianza kutumika, na benki zikaacha kutenga fedha kwa hasara iliyokwisha kutokea, zikawa zinatenga kwa hasara inayotarajiwa: uwezekano wa kushindwa kulipa, mara sehemu ya deni itakayopotea, mara deni lenyewe. Ukichanganya 2016 na 2019 utadhani wakopaji wamebadilika tabia, kumbe kilichobadilika ni kanuni ya hesabu. Na benki iliyofungwa au kuunganishwa katikati ya kipindi chako usiifute. Acha mistari yake hadi ilipoishia, la sivyo utabaki na waliosalimika tu.

Wengi siku hizi wanapenda kuweka Riba ya Benki Kuu kama kigezo. Mfumo huo umeanza Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikapanda kuwa 6 Aprili mwaka huohuo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Kabla ya hapo Benki Kuu ilisimamia wingi wa fedha, kwa hiyo mfululizo wa miaka mitano haupo. Tena ni riba moja kwa benki zote: ukiweka alama (kigezo cha 0 au 1) kwa kila robo ya kila mwaka, Stata itaitupa riba hiyo nje.

Kwa msimu tumia alama za 0 na 1 kwa robo tatu, si nne. Ukiweka nne pamoja na namba ya msingi (constant), zinajirudia na modeli inakwama. Jaribio la Hausman, linalokusaidia kuchagua kati ya modeli mbili, likitoa p chini ya 0.05, chukua athari thabiti (fixed effects) badala ya athari nasibu (random effects).

Binti Newala

Ndugu, mimi ningekuomba ubaki na AMCOS. Regresheni za benki 10 zimejaa makabati ya vyuo. Vitabu vya madeni vya vyama vya huku havijafunguliwa na watu wengi.

Ila litazame neno "mikopo" kwenye mada yako. Awali benki ilikopesha malipo ya kwanza, stakabadhi ikiwa dhamana, kisha yakafuata malipo ya pili na majaleo (malipo ya mwisho ya nyongeza). Siku hizi mkulima hulipwa baada ya mnada: mnunuzi analipa, makato yanatolewa, fedha inaingia akaunti ya mkulima. Hiyo ni fedha ya mauzo. Ukimuuliza mkulima wa Kitangari "ulipata mkopo wa stakabadhi?" anaweza kujibu ndiyo kwa kuwa fedha ilitoka dirishani kwa benki, na jedwali lako zima litakuwa limepima kitu kingine.

Kwa hiyo tafuta deni la chama chenyewe: pembejeo, magunia, usafirishaji, ujenzi wa ghala. AMCOS haikopi ipendavyo. Mkutano mkuu hupitisha ukomo wa madeni na Mrajis wa Vyama vya Ushirika huuidhinisha. Muhtasari wa mkutano huo utakupa kiasi walichoruhusiwa, na hesabu zilizokaguliwa na COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika) zitakupa kiasi walichokopa na kilichobaki. Kiasi kilichokopwa gawa kwa ukomo, tayari una kigezo kizuri ambacho hakitegemei kumbukumbu ya mtu.

Yamane, kwa kosa la asilimia 5 (0.05 × 0.05 = 0.0025): 60 ÷ (1 + 60 × 0.0025) = 52.2. Hesabu iko sawa, lakini unaacha vyama 8 tu. Chukua vyote 60. Na kwa mistari 60 usiingize vigezo zaidi ya 4 au 5.

Kwa wakulima, wanachama wa chama kimoja wanafanana mno: katibu mmoja, mizani moja, mnada mmoja. AMCOS 20 kwa wakulima 12 ni bora kuliko AMCOS 6 kwa wakulima 40, ingawa zote ni 240. Makosa sanifu (standard errors) yahesabu kwa kundi la AMCOS, usiyaache ya kawaida.

Jambo la mwisho, na hili lina uzito. Mkopo mkubwa kwa kaya nyingi hauko benki kabisa, uko kwenye kangomba, yaani kuuza korosho kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla ya mavuno. Piga hesabu: mtu kachukua 50,000 Julai kwa ahadi ya kilo 50 Novemba. Kama bei baada ya makato ni 2,000 kwa kilo, amelipa 100,000. Riba asilimia 100 kwa miezi minne. Ukiibeba kwa mwaka bila kulimbikiza ni 300, ukilimbikiza ni 700. Utafiti wa mikopo vijijini usioigusa hiyo unamwacha mkulima nje. Lakini kangomba imekatazwa, usiitaje kwa jina kwenye dodoso. Uliza: "Kabla ya msimu ulihitaji fedha? Ulizipata wapi? Ulirudisha fedha au mazao? Kiasi gani?" Namba hizo zinatosha kupiga riba mwenyewe.

Masasi Mjini

Dada, nashukuru sana, hiyo ya ukomo wa madeni sikuifikiria kabisa. Nahamia AMCOS. Swali moja: kwenye mfumo wa kazini naziona akaunti za vyama vingi. Naweza kuzitumia?

Ghala Kuu

Hapana, ndugu yangu. Kuziona kikazi si ruhusa ya kuziandikia tasnifu. Siri ya mteja inakufunga, na kwa akaunti za wakulima mmoja mmoja kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andika barua kwa mwajiri uombe jumla tu, bila majina wala namba za akaunti. Wakikataa, COASCO na mihutasari vinatosha. Wala usiende kijijini na fulana ya benki: watu watadhani umekuja kudai, nao watapunguza madeni kwenye majibu.

Barua zianze leo. Kibali cha chuo kinaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kinashuka wilayani, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Nakala nyingine peleka kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, maana makatibu wa AMCOS wanamsikiliza yeye. Kila barua iorodheshe AMCOS kwa majina. Ukiandika "baadhi ya vyama wilayani" utarudishwa.

Muda: Februari na Machi fanya kazi ya makaratasi mijini, kwa sababu mvua bado ipo na barabara za vijijini zinateleza. Kwa wakulima, Mei hadi Agosti. Asubuhi wako shambani wanapuliza salfa (dawa ya mikorosho), kwa hiyo panga saa tisa alasiri na kuendelea, na Ijumaa usiweke kikao kabla ya watu kutoka msikitini. Ukiongeza vyama vya Lindi, angalia kalenda ya ufuta: minada yake huangukia katikati ya mwaka na makarani hawatakuwa na nafasi nawe.

Ukipewa daftari la mapokezi, nakili uzito wa AMCOS na uzito wa ghala kuu katika safu mbili tofauti. Korosho hunyauka, unyevu hupungua njiani, na gunia lililopimwa kilo 80 kijijini linaweza kusoma pungufu ghalani. Chama ndicho kinachobeba tofauti hiyo. Kilo 1 kwa kila gunia, magunia 5,000, ni kilo 5,000. Kwa bei ya 2,000 hiyo ni milioni 10 ambayo haimo kwenye mkataba wowote wa mkopo, lakini inaweza kuwa sababu ya chama kuchelewesha rejesho. Iwekee kigezo chake.