Mjadala: Je, muuzaji wa gari la mtumba alazimishwe kuthibitisha kilometa anazotangaza?

Mtoa mada

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo linalowaumiza wanunuzi wengi wa magari ya mtumba. Katika yadi za magari za Dar es Salaam si ajabu kukuta gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 likitangazwa kuwa limetembea kilometa 60,000 tu, na bei yake imepandishwa kwa sababu ya namba hiyo. Nani ana wajibu wa kuonyesha kwamba namba hiyo ni ya kweli? Leo mzigo huo anatwishwa mnunuzi. Mimi nasema ni wa muuzaji, na kwamba asiye na karatasi ya kuthibitisha kilometa asiruhusiwe kuzitangaza kabisa.

Mnunuzi hupewa ushauri uleule kila siku: aangalie raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Ushauri huo si mbaya. Raba ya breki iliyolika upande mmoja hadi chuma kikaanza kuchungulia, usukani uliong'aa pale mikono inaposhika, na siti iliyobonyea ukingoni upande wa mlango wa dereva, haviendani na kilometa 50,000. Tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi hutaja wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Gari la mwaka 2016 linalodaiwa kutembea kilometa 20,000, nalo lina matairi manne ya 2019, muuzaji wake aulizwe matairi ya kwanza yalikwishaje mapema hivyo. Kwenye injini zinazotumia mkanda wa taimingi, fundi wa Japani aliyeubadilisha mara nyingi hubandika lebo yenye tarehe na kilometa za siku hiyo. Kwa magari mengi kazi hiyo hufanywa kwenye kilometa 100,000, na lebo ya namna hiyo ikikutwa kwenye gari linalosoma 78,000, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo.

Hata hivyo, dalili hizi zinaweza kuumbua uongo tu, haziwezi kuthibitisha ukweli. Raba za pedali huuzwa kwa bei ndogo, usukani huvalishwa ngozi mpya, na siti hupelekwa kwa mshonaji ikarudi kama ya kiwandani. Kwenye gari la kisasa kilometa huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kielektroniki, na mwenye kifaa na programu huzishusha kwa dakika chache. Baadhi ya magari hutunza hesabu hiyo pia kwenye kompyuta nyingine za gari, hivyo fundi mwenye mashine ya kupimia anaweza kulinganisha, lakini si kila modeli inayo hifadhi ya pili.

Kinachobaki ni karatasi. Gari dogo la binafsi nchini Japani hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilometa zilizosomwa siku ya ukaguzi huandikwa. Gari likifutiwa usajili ili lisafirishwe, hutolewa cheti kinachobeba kumbukumbu hiyo. Aliyeagiza gari mwenyewe kutoka Japani anakipata cheti hicho, kwa kuwa ni miongoni mwa nyaraka za kulitolea gari bandarini.

Na kisomwe kwa makini. Tuseme gari lilisajiliwa Machi 2015, likakaguliwa Machi 2022 likiwa na kilometa 64,000, likafutiwa usajili Februari 2024, na sasa dashibodi inasoma 67,000. Namba hazigongani. Lakini gari lililokuwa likitembea zaidi ya kilometa 9,000 kwa mwaka limewezaje kutembea 3,000 tu kwa karibu miaka miwili? Huenda mwenyewe alikuwa mzee aliyeacha kuendesha. Huenda pia kilometa zilishushwa baada ya ukaguzi wa mwisho, na hapo mnunuzi aombe karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari na kilometa zake lilipouzwa mnadani Japani, iliyotolewa kwa namba ya chesisi ya gari hilo.

Mchangiaji, mfanyabiashara wa magari

Ndugu mtoa mada, nakubaliana nawe kuhusu magari yanayotoka moja kwa moja Japani. Tatizo ni gari lililokwisha kupita mikononi mwa watu watatu hapa nchini, ambalo cheti chake kilipotea zamani. Sisi tutathibitisha kwa lipi? Isitoshe, wateja wenyewe ndio wanaolikataa gari zuri mara wanapoona 150,000, ilhali gari lililotembea kilometa hizo barabara kuu na kubadilishiwa oili kwa wakati ni bora kuliko lililokula kilometa 70,000 kwenye foleni za mjini.

Mtoa mada

Hilo la mwisho ni kweli tupu, nami nalichukua kama hoja ya upande wangu: ikiwa gari la 150,000 ni zuri, liuzwe kwa 150,000 pamoja na rekodi zake za matengenezo. Kwa gari lisilo na cheti, tangazo liandikwe wazi kwamba kilometa hazijathibitishwa, na bei ifuate hapo.

Wengine wamelitatua. Ubelgiji, tangu mwaka 2006, humtaka muuzaji wa gari lililotumika ampe mnunuzi hati yenye historia ya kilometa. Ujerumani iliufanya uchezeaji wenyewe wa kilometa kuwa kosa la jinai mwaka 2005. Uingereza mtu yeyote huingiza namba ya gari mtandaoni akaona bure kilometa zilizoandikwa kila lilipokaguliwa. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji, lakini mnunuzi asiye na kumbukumbu ya kulinganisha atalalamika kwa ushahidi gani?

Ndiyo maana napendekeza kilometa zisomwe na kuwekwa wazi kila umiliki wa gari unapohamishwa, kuanzia siku lilipotoka bandarini. Kwa gari ulilolitaja, ndugu yangu, lenye wamiliki watatu, tungekuwa na namba tatu za kuziweka mbele ya mnunuzi wa nne.