Tupeane uzoefu: darasa la watu wazima la kila wiki kanisani kwenu limekufanyia nini?

Mama Tumaini, Uyole

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nimekulia usharika wa Moravian hapa Mbeya. Kipaimara nilipata nikiwa na miaka kumi na minne, nikakariri kila nilichoambiwa, nikapewa mkono, basi. Kwa miaka zaidi ya ishirini sikuuliza swali hata moja kanisani. Nani aulize, mtu mzima na kitenge chake cha kwaya?

Mwaka juzi likaanza darasa la watu wazima, Jumatano saa kumi na moja jioni. Siku ya kwanza tulifungua Zaburi ya 23. Wote tunaijua kwa kichwa, lakini mwinjilisti akasema leo tusiiimbe, tuisome kwa kidole, neno kwa neno. Mama mmoja muuza viazi akanyoosha mkono: "Mwinjilisti, kwa nini Daudi analalamika kwamba Mungu hamlazi wala hamwongozi?"

Tukatazamana. Kumbe pale penye "hunilaza" na "huniongoza" yeye alisikia "hunilazi" na "huniongozi". Mwinjilisti hakucheka, na wala hakumwacha mtu acheke. Aliandika maneno yote mawili ubaoni, akapiga mstari chini ya ile *a* ya mwisho na ile *i*, akaeleza kuwa hii ni *hu* ya mazoea: hunilaza, yaani ndiyo kawaida yake kunilaza. Yule mama akarudia polepole, midomo ikicheza bila sauti, kisha akafunga Biblia na kunyamaza mpaka sala ya mwisho.

Jumatano iliyofuata akatuambia kilichomnyamazisha. Zaburi ile ilisomwa kwenye msiba wa mwanawe. Miaka yote ile alikuwa anashukuru kwamba hata Daudi alimlalamikia Mungu, maana yeye mwenyewe alikuwa analalamika usiku na mchana. Sasa tumemnyang'anya. Darasa zima kimya. Mwinjilisti akamfungulia Zaburi ya 13, ile inayouliza "hata lini", akamwambia, "Mama, lalamiko lako lipo. Lisome hapa." Akaisoma mara mbili.

Tangu siku ile sikosi Jumatano hata mvua inyeshe ya mawe. Ndiyo maana naandika. Nyie wenzangu wa Iringa, Njombe, Tukuyu, huko kwenu mambo yakoje? Tupeane uzoefu, ya kufurahisha na ya kuumiza.

Mjukuu wa Rungwe

Ndaga fijo mama, umenigusa. Kwetu sisi Wamoravian wa huku, wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891, na kusoma kulikuja pamoja na kubatizwa, ndivyo wazee walivyotuhadithia. Lakini bibi yangu hakusomea kanisani. Alisomea kisomo, miaka ile baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Jioni wakitoka shamba wanakaa chini ya mwembe wa shule na kujifunza herufi kupitia habari za kilimo. Cheti chake anacho, kimefungwa kwenye nailoni ndani ya sanduku.

Shida ni kwamba baada ya hapo hakuwa na cha kusoma. Herufi zikamtoka moja moja. Darasa la usharika lilipoanza, mwalimu alimpa kazi ya kusoma kwa sauti mstari mmoja tu kila wiki, na anaambiwa mapema ni upi, akajifue nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa namsikiliza jikoni, ndizi zikiwa motoni. Alikwama kwenye "waandaa meza mbele yangu". Akaniuliza, "Wanaoandaa ni akina nani?" Nikamjibu kwa kujiamini, malaika. Mwalimu akaja kutusahihisha wote wawili: *waandaa* hapo ni *wewe unaandaa*. Biblia ya Muungano ni ya 1952, Kiswahili chake kina maumbo ambayo sisi wa milimani hatuyatumii nyumbani. Hilo lazima lifundishwe, si la kumwonea mtu aibu.

Seremala, Ipogolo

Kamwene. Mimi ni Mlutheri. Kwetu tunasoma Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya imani, na kila fungu lina swali lile lile: maana yake nini? Nilipokuwa kijana nilidhani swali lile ni la mchungaji. Darasani ndipo nilipoambiwa Luther aliiandika mwaka 1529 baada ya kuzunguka sharika na kukuta watu hawajui hata Amri Kumi, na kwamba aliikusudia baba aifundishe nyumba yake. Baba! Yaani mimi. Nilikuwa na watoto wanne, na maombi ya chakula nilikuwa namwachia mke wangu.

Nilianza na Amri ya Kwanza siku ya Jumamosi jioni. Binti wa mwisho akaniuliza kama ulanzi, ile pombe ya mianzi, ni mungu. Nilikuwa nimetoka kunywa. Sikumjibu siku hiyo, nilimjibu baada ya miezi minne, nilipokuwa nimeacha.

Masikitiko yangu ni wanaume. Darasa letu lina watu ishirini na sita, wanaume watatu, na mmoja ni mlinzi wa kanisa. Msimu wa ulanzi tunabaki wawili. Mkiwa na njia ya kuwaleta, semeni.

Wa Jumuiya, Kihesa

Tumsifu Yesu Kristo. Wanaume hawaji kanisani katikati ya wiki, lakini nyumbani kwa jirani wanakuja. Sisi Wakatoliki tunakutana kwenye jumuiya ndogo ndogo, kila wiki nyumba tofauti, tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja. Mwanamume ambaye wiki hii mkutano uko kwake hawezi kukimbia. Jaribuni hilo.

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa

Kwetu haikudumu, na sababu naijua. Liliwekwa Jumapili baada ya ibada ya pili. Mnada wa sadaka za mahindi na kuku unaisha saa nane, watu wana njaa, ndipo unaambiwa uingie darasani. Halafu mwalimu anahubiri saa nzima, hakuna anayeuliza. Mahubiri tumeshayapata asubuhi! Darasa ambalo mtu hafungui mdomo ni ibada ya tatu.

Dereva, Makambako

Nimesita kuandika. Mimi niliacha darasa, nikaliacha na kanisa lenyewe kwa karibu miaka miwili. Sitataja usharika.

Mwalimu aliniita nisome Warumi 8. Nikasimama, nikashika Biblia, maandishi yakawa kama mchwa wanatembea. Nikasema naomba mwingine asome. Akasema mbele ya watu, "Mzee wangu, kama hujui kusoma sema, tutakuweka kwa wanaoanza." Watu wakacheka. Nimemaliza kidato cha nne mimi. Nilitoka na sikurudi.

Shida ilikuwa macho. Nilikuwa nimefikisha miaka arobaini na nane. Barabarani kibao naona vizuri kabisa, cha karibu sioni. Daktari wa macho alinipima kwa dakika chache tu, akanipa miwani ya kusomea, nikasoma kikaratasi chake mpaka mstari wa chini kabisa. Nilikaa garini nikiwa na hasira kwa miaka miwili iliyopotea. Ndugu walimu, mtu mzima akikataa kusoma, muulizeni pembeni. Na muulizeni macho kwanza.

Mama Tumaini, Uyole

Kaka wa Makambako, pole sana, na asante kwa kuandika. Nimemsomea mwinjilisti wetu maneno yako kwa simu jioni hii. Amesema Jumatano ataweka kiboksi chenye miwani ya kusomea pale mezani karibu na chupa ya chai, ya namba mbalimbali, mtu achukue bila kuulizwa na airudishe akimaliza. Mimi nimeahidi jozi mbili. Wa Mwanjelwa, wewe upo sokoni kila siku: wanaouza miwani pale wanauza shilingi ngapi sasa?